Mjue jasidi, kidudu kinachojificha chini ya jani la pamba Lalago

UKIPITA Lalago, wilayani Maswa katika mkoa wa Simiyu, kati ya Januari na Machi, macho hukutana na pamba pande zote mbili za barabara itokayo Kolandoto kuelekea Mwanhuzi. Majani ni mapana, maua yaliyochanua asubuhi yana rangi ya maziwa na yale ya jana yamekwisha kugeuka waridi, na kwa mgeni aliyetoka mjini shamba zima huonekana limestawi.

Lakini ipo misimu ambayo, katika shamba hilo hilo, kingo za majani huanza kujikunja kwenda chini. Hugeuka manjano, kisha nyekundu, na mwishowe hukauka na kuwa za kahawia kana kwamba moto umezipitia kwa mbali. Mwenye shamba husimama na kujiuliza ni kitu gani kimeingia, na jibu atakalolipata ndilo litakaloamua iwapo fedha ya familia itatumika ipasavyo au itamwagwa ardhini pamoja na dawa.

Wapo watakaomwambia kuwa udongo umechoka. Wapo watakaosema ni jua. Wengine watamshauri apulize dawa ile ile aliyoitumia kuua funza wa vitumba. Ni wachache watakaoinama, wakalishika jani kwa kikonyo chake na kuligeuza taratibu ili kutazama upande wa chini, nako ndiko aliko mhusika.

Mhusika huyo ni jasidi, mdudu wa rangi ya kijani kibichi kilichofifia, mwenye urefu wa takriban milimita mbili na nusu, sawa na unene wa njiti ya kiberiti. Mwili wake umechongoka kuelekea nyuma, na mabawa yake hukunjwa juu ya mgongo kama paa la nyumba. Akishtuliwa huruka ghafla na kupotea. Watoto wake, yaani tunutu, hawana mabawa, hivyo hawawezi kuruka kama wazazi. Badala yake hukimbia upandeupande kama kaa wa pwani, wakijaribu kurejea kwenye kivuli cha upande wa chini wa jani.

Mwendo huo wa kaa ndiyo alama ya kwanza na iliyo rahisi kuliko zote. Kidukari hakimbii, hukaa palepale kwa makundi huku jani likinata kwa umajimaji mtamu anaoutoa, na mara nyingi sisimizi huwa karibu wakiulamba. Inzi mweupe akiguswa huruka juu kama vumbi la unga. Jasidi hafanyi hayo, wala haachi jani likinata. Mkulima anayeweza kutofautisha tabia hizo tatu amekwisha kupata nusu ya jibu bila kutumia kifaa chochote.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu jasidi si mdudu mmoja. Ni kundi kubwa la wadudu wanaofanana kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye miaka mingi ya kazi hawezi kuapa kwa kutazama kwa macho matupu. Katika pamba ya Afrika Mashariki, vitabu vya kilimo viliandika kwa miongo mingi majina mawili, Empoasca facialis na Empoasca lybica. Siku hizi wote wawili wamehamishiwa katika jenasi iitwayo Jacobiasca, jina linalomkumbuka Mjerumani Arnold Jacobi, ambaye mwaka 1912 alimweleza kwa mara ya kwanza kitaalamu huyo wa kwanza kutokana na vielelezo vya Afrika. Wa pili alielezwa mwaka 1922 kutoka Libya, ndiyo maana akaitwa lybica. Huyo ana eneo kubwa zaidi: anajulikana katika pamba ya Sudan, na vilevile katika mizabibu ya nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania.

Hawa ndio wenyeji. Walikuwapo barani kabla ya mbegu za pamba inayolimwa leo kuletwa kutoka Amerika, wakijilisha kwenye mimea mingine. Pamba ilipoingia, ilikuwa kwao karamu iliyotandikwa bila wao kualikwa.

Jinsi jasidi anavyodhuru inahitaji maelezo kidogo, kwani wengi hudhani hasara inatokana na utomvu anaoufyonza. Mdomo wake ni kama sindano. Anauchoma katika tishu za jani na kufyonza, lakini wakati huohuo humimina mate yake ndani. Mate hayo pamoja na majeraha ya sindano huvuruga njia zinazosafirisha maji na chakula ndani ya jani. Kingo za jani, ambazo ziko mbali zaidi na kikonyo, ndizo zinazokosa mahitaji mapema, na kwa hiyo ndizo zinazokunjamana na kuungua kwanza. Mmea ulioathirika vibaya hudumaa na kuangusha vitumba vyake vichanga.

Hapo ndipo yule anayelaumu udongo anapoweza kupimwa. Upungufu wa madini ya magnesiamu nao huyafanya majani ya pamba yawe mekundu, lakini wekundu huo hukaa katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani. Uzee wa mmea nao huleta wekundu, ila huanza kwenye majani ya chini mwishoni mwa msimu. Wekundu wa jasidi huanza pembeni mwa jani, huambatana na kukunjamana kwenda chini, na unaweza kutokea katika mmea ambao bado ni kijana. Juu ya yote hayo, chini ya jani watakuwapo tunutu au angalau ngozi zao nyeupe walizozivua, maana kila mmoja hujivua mara tano kabla ya kupata mabawa.

Mayai hayaonekani. Jike huyapachika ndani ya mishipa ya jani na katika kikonyo, mahali ambapo dawa inayopulizwa juu ya majani haiyafikii kwa urahisi. Baada ya wiki moja hivi huanguliwa, na katika hali ya joto tunutu huwa mdudu kamili baada ya takriban wiki mbili nyingine. Hesabu hiyo ina maana kwamba kati ya upandaji wa Novemba au Desemba na mavuno ya katikati ya mwaka, vizazi kadhaa hupishana katika shamba moja.

Mahali anapopenda kuishi panaelezwa vema na sura ya nchi yenyewe. Lalago ni sehemu ya Usukuma ya mashariki, nchi ya tambarare, vilima vya mawe na mbuga za udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mkoa wa Simiyu hupata mvua za wastani wa milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, nazo haziji kwa mpangilio. Mara nyingi mvua hukatika kwa wiki kadhaa kati ya msimu, kwa kawaida Januari au Februari. Mvua kubwa humwangusha jasidi kutoka kwenye jani na kuwaua tunutu wengi. Jua la mfululizo humpa nafasi ya kuzaliana. Ndiyo maana mkulima humwona zaidi katika kipindi kile ambacho pamba yenyewe imekwisha kuteseka kwa kiu, na ndiyo maana lawama huliendea jua peke yake.

Baada ya mavuno, sheria inamtaka mkulima ang'oe na kuchoma masalia ya pamba ili kukatisha maisha ya wadudu, hasa funza mwekundu. Jasidi naye hupoteza makazi, lakini hapotei. Huhamia kwenye bamia, mbilingani, kunde na mibarika iliyo kando ya nyumba, na katika bustani za mboga zilizo karibu na visima na malambo, mahali pa pekee penye kijani wakati nchi nzima imekauka. Atakayetaka kujua msimu ujao utakuwaje hana budi kuyageuza majani ya bamia mwezi Septemba.

Katika nyasi za ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyatenga ili mifugo iyapate wakati wa shida, wamo wadudu wengine wadogo warukao ambao humchanganya mtu. Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu makosa mengi ya utambuzi huzaliwa hapa.

Wapo ndugu zake wa mbali ambao wataalamu huwaweka katika kundi tofauti kabisa. Mfano ni Peregrinus maidis, anayeishi katika mahindi na mtama, mazao ambayo hayakosekani Lalago. Yeye ni mkubwa kidogo kuliko jasidi, ana rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, na hupenda kujibanza kwa makundi ndani ya majani machanga yaliyojisokota, mara nyingi akizungukwa na sisimizi. Ingawa alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1890, wachunguzi wengi wanaamini kuwa asili yake ni Afrika, alikokua pamoja na mtama.

Tofauti ya makundi hayo mawili haihitaji maabara. Lenzi ya mkononi inatosha. Jasidi ana safu za miiba midogo kwenye muundi wa mguu wa nyuma, na vipapasio vyake ni vyembamba kama unywele, vikichomoza katikati ya macho. Mdudu wa mtama ana kijembe kimoja kikubwa kinachochezacheza mwishoni mwa muundi huo, na vipapasio vyake vimevimba kwenye pingili ya pili, vikichomoza chini ya macho.

Yupo pia Cicadulina mbila, ambaye kwa ukoo ni jamaa ya jasidi, lakini makazi yake ni nyasi na mahindi. Ana rangi ya manjano na madoa mawili meusi ya mviringo mbele ya kichwa. Huyu hadhuru kwa sindano yake bali kwa kile anachokibeba: virusi vya ugonjwa wa milia ya mahindi, ule unaoyachora majani mistari myembamba ya manjano kuanzia shina hadi ncha. Ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza huko Afrika Kusini mwaka 1901, na ni H. H. Storey aliyeonyesha katika miaka ya 1920 kwamba mdudu huyo ndiye anayeueneza.

Kisa cha Storey kina sehemu yake katika historia ya Tanzania. Mwaka 1928 alihamia kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Huko aligundua kwamba si kila mdudu wa jamii hiyo anaweza kueneza ugonjwa. Wapo wenye uwezo na wapo wasio nao, hata wakila jani moja lenye ugonjwa. Kwa kuwapandisha, mwaka 1932 alichapisha ushahidi kuwa uwezo huo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Mwaka uliofuata alionyesha jambo la ajabu zaidi: kwamba mdudu asiye na uwezo, akitobolewa utumbo kwa sindano nyembamba, huanza kueneza ugonjwa. Kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Matokeo hayo yaliyopatikana katika msitu wa Usambara yalinukuliwa katika vitabu vya virusi vya mimea duniani kote, ingawa ni Watanzania wachache wanaoyafahamu.

Turejee kwenye pamba. Kwamba Lalago inalima pamba leo kunatokana kwa sehemu kubwa na unyweleo.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, pamba iliyojaribiwa katika sehemu nyingi za Afrika ya mashariki na kusini ilikuwa na majani laini, na jasidi aliiangamiza. Huko Barberton, Afrika Kusini, F. R. Parnell na wenzake waligundua kuwa mimea iliyoponea ilikuwa na jambo moja la pamoja: upande wa chini wa majani yake ulikuwa na vinyweleo vingi na virefu. Kutoka huko ikapatikana jamii ya pamba iliyoitwa U4. Mwaka 1949 Parnell, King na Ruston walichapisha uchunguzi wao wakithibitisha kuwa wingi peke yake hautoshi. Vinyweleo lazima viwe virefu pia. Vikiwa vifupi, mdudu hupenyeza sindano yake kati yake. Vikiwa virefu na vimesongamana, hawezi kuufikia mwili wa jani wala jike hapati mahali pa kupachika mayai.

Mbegu za uzao wa U4 zilifika Ukiriguru, kituo kilichoanzishwa kusini mwa mji wa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wataalamu wa hapo walichagua mmea mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, hadi wakapata aina zilizoweza kuhimili jasidi wa Kanda ya Ziwa, zikiwamo MZ561 na baadaye mfululizo mrefu wa aina zilizobeba herufi UK, yaani Ukiriguru. Kinga dhidi ya magonjwa kama vile mnyauko na bakteria iliongezwa baadaye, lakini unyweleo ulibaki kuwa sharti. UK91, iliyotawala mashamba kwa miaka mingi, na UKM08 iliyokuja kuichukulia nafasi, ni wajukuu wa kazi hiyo.

Ni vigumu kuipima thamani yake kwa fedha. Itoshe kusema kwamba ushirika wa wakulima wa pamba uliojengwa na akina Paul Bomani, ambao mwaka 1955 ulizaa Victoria Federation of Co-operative Unions, ulisimama juu ya zao ambalo miaka michache kabla lingeweza kuliwa lote na mdudu asiyefika milimita tatu. Shule, zahanati na viwanda vya kuchambua pamba vya Kanda ya Ziwa vina deni kwa vinyweleo hivyo.

Unyweleo nao una gharama yake. Jani lenye manyoya humfaa inzi mweupe na huwapa vipepeo wa funza wa vitumba mahali pazuri pa kushikiza mayai. Aidha, vipande vya majani makavu hung'ang'ania nyuzi wakati wa mavuno na kuichafua pamba. Mtafiti wa mbegu hulazimika kutafuta jani lenye manyoya ya kutosha kumzuia jasidi, lakini yasiyozidi kiasi cha kuwakaribisha wengine.

Nchi zilizochagua njia ya dawa zilipata funzo kali. Katika mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Gezira nchini Sudan, katikati ya miaka ya 1940, DDT ilianza kupulizwa dhidi ya jasidi. Mavuno yalipanda. Lakini dawa hiyo iliwaua pia wadudu rafiki, na katika miongo iliyofuata inzi weupe na funza wa vitumba, ambao hapo awali hawakuwa tatizo kubwa, waligeuka kuwa mabwana wa shamba. Idadi ya mapulizo iliongezeka kutoka moja au mawili hadi mengi kwa msimu.

Kwa muda mrefu basi, jasidi wa Usukuma alihesabiwa kuwa adui aliyefungwa. Alikuwapo, alionekana, lakini mbegu ilimdhibiti. Kilichobadilisha mazungumzo ni habari kutoka Afrika Magharibi.

Katika msimu wa 2022, wakulima wa Benin, Togo, Côte d'Ivoire, Burkina Faso na Mali waliona pamba yao ikigeuka nyekundu na kukauka kwa kasi ambayo hawakuwahi kuiona. Walipogeuza majani walikuta jasidi wa kijani, na kwa kuwa jasidi wenyeji walikuwa wakijulikana huko tangu zamani, haikuwa rahisi kushtuka mapema. Dawa za kawaida hazikufanya kazi. Nchini Côte d'Ivoire mavuno ya pamba ya msimu wa 2022/23 yalishuka kwa zaidi ya nusu yakilinganishwa na msimu uliotangulia.

Uchunguzi wa maumbile ya ndani ya mdudu na wa vinasaba ulionyesha kuwa huyo hakuwa mwenyeji. Alikuwa Amrasca biguttula, jasidi wa pamba wa Asia, anayesumbua mashamba ya India na Pakistan kwa miaka mingi. Hakuna aliyemwona akivuka bahari. Mbali na pamba, hupenda bamia na mbilingani, na mayai yake, kama ya jasidi wote, hufichwa ndani ya mmea, hivyo mkaguzi wa bandarini anaweza kuyapitisha akiwa anayatazama. Mwaka 2023 aligunduliwa pia Puerto Rico, na baadaye katika majimbo ya kusini mwa Marekani.

Jina biguttula kwa Kilatini lina maana ya vitone viwili. Mdudu aliyekomaa huwa na kitone kimoja cheusi karibu na ncha ya kila bawa la mbele, na mara nyingi vitone vingine viwili vidogo juu ya kichwa. Jasidi wenyeji wa pamba ya Afrika Mashariki hawana kitone hicho cha bawa. Kwa mkulima, bwana shamba au mwanafunzi wa sekondari ya Lalago, hiyo ndiyo alama ya kuitafuta.

Hata hivyo, alama hiyo ina mitego yake. Tunutu hawana mabawa, kwa hiyo hawana kitone cha bawa, na mwenyeji na mgeni wakiwa wadogo hawatofautiki kwa macho. Vitone vya bawa vinaweza kufifia. Na kama ilivyoelezwa, yule wa mahindi ana madoa mawili kichwani. Akipeperushwa na upepo hadi kwenye pamba iliyo jirani anaweza kuzua taharuki ya bure. Swali la kwanza basi lisiwe juu ya vitone, bali juu ya mmea: je, mdudu na tunutu wake wamekutwa wakila pamba, au ni msafiri aliyetua tu?

Uthibitisho wa mwisho hupatikana chini ya hadubini. Mtaalamu huchukua dume, hukata sehemu ya nyuma ya tumbo lake, huichemsha katika kemikali inayoyeyusha nyama na kubakiza magamba, kisha hutazama umbo la viungo vya uzazi. Kila spishi ina umbo lake, kama kufuli na ufunguo. Majike hayasaidii sana katika kazi hiyo, na ndiyo sababu sampuli ya mdudu mmoja au wawili haifai. Huenda wote wakawa majike. Njia nyingine ni kusoma kipande cha vinasaba na kukilinganisha na kumbukumbu zilizohifadhiwa. Hiyo hufanya kazi hata kwa tunutu.

Kwa nini yote haya yamhusu mtu anayeishi Dar es Salaam au Mwanza mjini? Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na tangu ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, uchumi wake umeegemea zao hilo. Mbegu za pamba hukamuliwa mafuta ya kula, mashudu yake hulishwa ng'ombe ambao nyama yao hufika Vingunguti, na nyuzi huuzwa nje kwa fedha za kigeni. Bamia na mbilingani za sokoni nazo zimo katika orodha ya mdudu huyo.

Yapo pia madhara ya kumtambua vibaya kwa upande wa pili. Mkulima akiona jasidi wachache wenyeji, wale ambao mbegu yenye manyoya inawamudu, akaogopa na kupuliza sumu kali mwezi Januari, huwaua kwanza buibui, bibi kibibi na wadudu wengine wanaomlinda. Wiki chache baadaye vidukari na funza hujaa, naye hulazimika kununua dawa nyingine. Hicho ndicho kilichotokea Gezira kwa ukubwa wa taifa, na kinaweza kutokea katika ekari mbili za Lalago bila kuandikwa popote.

Mbegu yenyewe inastahili kutazamwa. Mkulima anayepanda mchanganyiko usiojulikana ulikotoka anaweza kupata mimea yenye majani laini katikati ya mimea yenye manyoya. Kuitambua ni rahisi: jani lipitishwe kidole upande wa chini, au liinuliwe dhidi ya jua la asubuhi. Manyoya huonekana kama ukungu mweupe pembezoni mwa mishipa. Mimea laini ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuungua, na shamba litaonekana kama lililorushiwa makaa hapa na pale. Anayeona madoa ya aina hiyo asikimbilie bomba la dawa kabla ya kuyagusa majani.

Kazi ya kukagua hufaa zaidi asubuhi na mapema, hewa ikiwa baridi na mdudu akiwa mzito. Majani yanayotazamwa ni yale ya sehemu ya juu ya mmea yaliyokwisha kutanuka, si machanga sana wala ya chini kabisa. Mtu hutembea shambani kwa mshazari na kusimama mahali mahali badala ya kuzunguka ukingoni, kwa kuwa ukingo hupokea wadudu kutoka kwa majirani na unaweza kudanganya.

Atakayekutana na jasidi mwenye kitone kwenye bawa, au shamba linaloungua licha ya mbegu kuwa nzuri, anayo milango ya kubisha: ofisi ya ugani ya kata, Bodi ya Pamba, kituo cha Ukiriguru ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Picha ya simu mara nyingi haitoshi, kwa vile mdudu ni mdogo na huonekana kama punje ya kijani.

Kinachotakiwa ni mdudu mwenyewe, na si mmoja bali ishirini au thelathini, wakubwa kwa wadogo. Hunaswa kwa kuufunika ghafla mfuko wa plastiki juu ya tawi na kulitikisa, kisha hutiwa katika kichupa chenye spiriti safi. Wasikaushwe juani, kwani hukunjamana na vinasaba vyao huharibika. Ndani ya kichupa hutumbukizwa kipande cha karatasi chenye jina la kijiji, mmea waliokutwa nao na tarehe, kikiwa kimeandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka katika spiriti na kuacha karatasi tupu.